Baba anasema anasikia, ila haelewi: majibu kutoka kwa mwenye tatizo hilohilo

Dada, umeuliza kwa nini baba anasisitiza kuwa masikio yake ni mazima, huku televisheni anaifungulia mpaka jirani anajua taarifa ya habari imefika wapi, na ukipaza sauti anakuja juu kwamba unamfokea. Tena umeuliza kama umnunulie kile kikuza sauti ulichokiona mtandaoni. Ngoja nikujibu mimi niliye upande wa baba. Nimefanya kazi karakana ya mbao, msumeno wa umeme na randa kutwa nzima, na leo navaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili.

Kwanza, mzee hadanganyi. Anasikia kweli. Usikivu unaoliwa na umri au kelele hauondoki wote kwa mpigo, huanzia kwenye sauti nyembamba za juu. Irabu ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo zinamfikia. Zinazopotea ni s, f, t, th, sh na k. Mwambie "lete saa", "lete taa" au "lete kaa", vyote kwake vinakuja karibu sawa, na ubongo unajaza pengo kwa kubahatisha. Mimi shemeji yangu aliwahi kuniuliza mezani, kwa upole kabisa, "Umeshiba?" Nikasikia "Umeiba?" Mbele ya wageni! Nilivyomjibu tuyaache. Lakini mtu akichekwa hivyo mara kwa mara hujifunza kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, kisha anaacha kukaa na watu. Hilo ndilo la kumwangalia baba yako kuliko sauti ya televisheni.

Kufoka nako hakusaidii. Ukipiga kelele unazivimbisha irabu anazozisikia tayari, konsonanti zinazidi kumezwa. Na kuna jambo wenye masikio mazima hawalijui: sikio lililoharibika ndani halisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa linaiona kubwa vilevile kama wewe, pengine hata kuuma. Kwa hiyo dakika moja anakwambia "ongeza sauti", inayofuata "mbona unanipigia kelele". Si ukorofi. Ukitaka akuelewe, mwite kwanza, mkabili, uso wako uwe kwenye mwanga, zima redio, sema taratibu kwa sauti ya kawaida. Asipolipata neno, usilirudie lilelile mara nne. Geuza sentensi. Na kumsemesha ukiwa jikoni yeye yuko sebuleni, hapo hata mimi na vifaa vyangu hunipati.

Sasa vipimo, kabla hujatoa hela yoyote. Kwanza mtu mwenye ujuzi amchungulie ndani ya sikio. Wapo "viziwi" waliopona palepale kwenye kiti baada ya kutolewa donge la nta. Hizo pamba za vijiti zinaishindilia nta ndani, mwambie aachane nazo. Mafuta ya kumiminia sikioni nayo hapana, mpaka ijulikane kuwa ngoma ya sikio haijatoboka. Baada ya hapo ndipo kipimo cha usikivu: anakaa kwenye chumba kimya, anavaa hedifoni, anabonyeza kitufe kila akisikia mlio hata kama ni hafifu sana. Anatoka na mchoro uitwao audiogramu. Mstari ukizidi kushuka, usikivu ni hafifu zaidi. Namba zake ni za desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti: mlio unatakiwa uwe mkubwa kiasi gani ndipo ausikie. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya desibeli 20 kuwa kawaida, na 35 hadi 49 ni upungufu wa wastani. Wangu unatembea vizuri kwenye sauti nene, halafu unatumbukia shimoni kwenye hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), alama inayojulikana ya sikio lililoharibiwa na kelele. Kikomo cha kelele cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una dakika 15 tu. Msumeno wa umeme unafika hapo bila shida. Vijana mnaolala na hedifoni masikioni, hesabu hiyo ni yenu pia, maana vinyweleo vinavyonasa sauti ndani ya sikio la binadamu vikifa havioti tena.

Amtajie daktari na dawa alizowahi kutumia. Antibiotiki kama gentamaisini na streptomaisini, na baadhi ya dawa za saratani kama sisiplatini zinaweza kuharibu usikivu.

Kikuza sauti cha mtandaoni usinunue kwanza. Chenyewe kinapandisha kila kitu pamoja, na baba hahitaji kila kitu kiongezwe. Kifaa cha kusikia chenyewe kinapangwa kwa kufuata audiogramu, kinaongeza pale palipopungua. Hata hivyo siku za mwanzo ni mateso. Mfuko wa nailoni unapasua kichwa, kutafuna kwako mwenyewe kunasikika kama mtu anatembea kwenye kokoto. Wengi hapo ndipo wanakitupa kabatini. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzizoea tena sauti ulizozisahau, kwa hiyo aanze nyumbani palipo kimya, avae kila siku, na arudi kurekebishiwa bila kuona haya. Kikipiga mluzi, aghalabu hakijakaa sawasawa au kuna nta. Betri za zinki zinafanya kazi kwa hewa: bandua kile kibandiko, iache kama dakika moja ndipo uiweke. Na asitegemee miujiza penye watu wengi wanaoongea kwa pamoja. Hapo hata vifaa vya bei kubwa vinahangaika.

Jambo moja halisubiri miadi. Sikio likizima ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hasa la upande mmoja, aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za steroidi zinaweza kuokoa usikivu zikiwahi, na kila siku inayopita inapunguza nafasi. Vilevile usaha, kizunguzungu, au mlio unaovuma sikio moja tu, usiviuguze nyumbani.

Akishapimwa, tuwekee hapa namba zake za hezi 1000, 2000 na 4000 kwa kila sikio, na useme kama tatizo limeonekana nje, katikati au ndani ya sikio. Kama ni katikati, mengi niliyosema kuhusu vifaa yanaweza yasimhusu kabisa, maana baadhi ya hayo hutibiwa kwa dawa au upasuaji.