Vita Baridi: lawama si za Marekani peke yake

Ndugu, unaposema Vita Baridi, ule uhasama wa Marekani na Umoja wa Kisovieti, ni kosa la Marekani tu, hapo sikubaliani nawe. Kwenye mkutano wa Yalta, Februari 1945, Stalin, kiongozi wa Wasovieti, aliwaahidi viongozi wa Marekani na Uingereza uchaguzi huru Poland. Ulipofanyika Januari 1947, wapinzani walikamatwa, wagombea wao wakaenguliwa, kura zikachakachuliwa. Wasovieti walikuwa wamepoteza watu wapatao milioni 27 katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo hofu yao kwa Ujerumani, iliyowavamia kupitia Poland, naielewa kabisa. Lakini Wapoland walikosa nini hadi wanyimwe kura yao?

Ila kuanzisha ni jambo moja, kuendeleza kwa miaka zaidi ya 40 ni jingine, na hapo Washington haichomoki. Baada ya hotuba ya Machi 1947, ambamo Rais Truman wa Marekani aliahidi kuzisaidia nchi zinazopinga ukomunisti, wazalendo wengi waliodai haki za nchi zao walishukiwa ukomunisti. Mtazame Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo: alikwenda kwanza Umoja wa Mataifa, akafika hadi Washington kuomba msaada, akatoka mikono mitupu. Alipowageukia Wasovieti, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ikapeleka sumu Kongo ili auawe. Sumu haikutumika, lakini Januari 1961 alipigwa risasi Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo.