Picha ya kuonyesha si picha ya kuweka

Jumatatu moja asubuhi, hata chai sijanywa, nikapigiwa simu na mama wa bibi harusi niliyempiga picha wiki mbili nyuma. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hivi wewe barua pepe yako umeifunga? Kaka yake bibi harusi yuko Muscat, anakutumia orodha ya picha za albamu tangu Ijumaa, zinamrudia."

Nikajua kijana kakosea anwani. Nafungua mwenyewe, naona mstari mwekundu: nafasi imeisha. Kikasha kimejaa, na waliokijaza ni binti yake huyo huyo na wageni wake.

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, lakini hizo si za picha peke yake. Gmail ya barua, Drive ya kuhifadhi mafaili na Google Photos ya picha wote wanachota chungu kimoja. Siku hizi hata bakapu ya WhatsApp kwenye simu za Android inahesabiwa humo humo. Mimi nilikuwa nimepandisha Drive picha 900 za harusi na 400 za sendofu, kama zilivyotoka kwenye kamera. Kamera yangu ni ya megapikseli 24 na faili yake moja ya picha (JPEG) inacheza kwenye MB 10. Piga hesabu: GB 13 kwa familia moja. Chungu kikijaa, barua haziingii, na mteja mpya anayetaka kuulizia bei naye anarudishiwa yake.

Wengi wetu tulizoea vibaya. Hadi mwisho wa Mei 2021, picha ulizopandisha Google Photos kwa ubora uliopunguzwa zilikuwa hazihesabiwi. Kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo zikaanza kuhesabiwa, ila za zamani zikasamehewa. Flickr, tovuti ya kuweka picha, nao mwaka 2013 waligawa terabaiti nzima bure, yaani kama GB 1,000. Mwaka 2018 wakanunuliwa na SmugMug, kampuni nyingine ya kuhifadhi picha, na haikupita muda akaunti ya bure ikawekewa kikomo cha picha 1,000. Siwalaumu, diski zinanunuliwa na umeme unalipiwa. Lakini aliyekuwa na picha zake huko tu, bila nakala nyingine, alihangaika.

Kilichonitoa ni kuacha kuchanganya picha ya kuonyesha na picha ya kuweka. Ya kuweka inabaki na ukubwa wake wote, inakaa kwenye diski mbili: moja studio, nyingine nyumbani. Ya kuonyesha ndiyo inapanda mtandaoni, na hiyo naipunguza kwanza: upande mrefu pikseli 2048 badala ya 6000, ubora 80 kwa 100. Programu yoyote ya kuhariri picha inaweza kuzifanya zote kwa mkupuo ukiwa unakula. Zangu hushuka hadi KB 600 hivi, na harusi ile ya GB 9 ikawa kama MB 550. Bando nalo likapumua.

Niliogopa wateja watalalamika. Nikachukua picha ya mikono ya bibi harusi, hina na piko vinaonekana mpaka kucha, nikaiweka kwenye simu mara mbili, kubwa na ndogo, nikampa mke wangu achague iliyo nzuri. Akavuta, akakuza, akarudi nyuma. Akachagua ndogo.

Ila usimpe mteja hiyo ndogo akachapishe picha ya ukutani. Pikseli 2048 kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi ni chini kidogo ya inchi 7. Kwa albamu ndogo sawa, kwa fremu ya sebuleni atakuja kukugombeza, na atakuwa na haki.

Tovuti yangu ilikuwa na ugonjwa wake. Natumia WordPress, programu ya kuendesha tovuti, na sikujua kwamba ukipandisha picha moja kubwa, yenyewe inachonga nakala kadhaa za vipimo tofauti kisha inaiacha na ile ya asili palepale. Nilipoingia kwenye folda nikakuta picha moja ya keki ina faili nane. Kampuni niliyopanga seva inahesabu idadi ya faili pia, si uzito tu, kwa hiyo nilikuwa nimebanwa pande mbili. Sasa napandisha zenye pikseli 1600, hivyo vile vipimo vikubwa kuliko hapo havichongwi kabisa. Na ukiondoa picha kwenye makala ujue bado haijaondoka. Ipo kwenye maktaba ya media, nenda kaifute huko.

Kwenye kufuta nina kovu. Siku ile ya simu, kwa haraka ya kupata nafasi, nilifuta folda ya sendofu Drive, nikaona nafasi haijaongezeka. Vitu vya pipa la taka vinaendelea kuhesabiwa mpaka ulimwage au zipite siku 30. Nikalimwaga. Ndipo nikafungua diski kuhakikisha, nikakuta kunakili kuliishia njiani: picha 400 zimekuwa 371. Bahati memori kadi nilikuwa sijaifomati. Tangu hapo utaratibu ni ule ule: nakili, hesabu idadi pande zote mbili, fungua chache za katikati na za mwisho, ndipo ufute. Na ukifuta ndani ya Google Photos kwenye simu iliyowashwa bakapu, inaondoka na ya kwenye simu pia.

Siku hizi kwenye risiti naandika kwa mkono kwamba kiungo cha picha kitaishi siku 90, na zile kubwa mteja anakabidhiwa kwenye flashi. Yule mama nilimpelekea ya kwake mwenyewe, mtaa wa Ngamiani, Tanga. Orodha ya kaka mtu alikuwa ameshainakili kwenye karatasi ya daftari kwa kusomewa kwenye simu: picha 62, na ya 17 ameiandika mara mbili. Nikamuuliza kama amekosea. "Hapana," akasema, "hiyo na mimi naitaka."