Malipo ya mwisho ya kila mpangaji

SWALI: Nina majedwali mawili ya kodi za nyumba kwenye hifadhidata ya MySQL, wapangaji na malipo. Nataka kila mpangaji na malipo yake ya mwisho tu. Nikitumia MAX(tarehe) na GROUP BY, tarehe ni sahihi lakini kiasi ni cha mwezi mwingine. Kwa nini? – Msomaji, Donholm, Nairobi

JIBU: MAX hutafuta tarehe kubwa kuliko zote katika kundi, haichagui mstari mzima. Kiasi hakimo kwenye GROUP BY, kwa hiyo MySQL inakiokota kwenye mstari wowote wa mpangaji huyo. Tangu toleo la 5.7, mpangilio wa ONLY_FULL_GROUP_BY huja ukiwa umewashwa, na amri kama yako hukataliwa. Ikiwa kwako inapita, umezimwa. Uwashe leo: heri amri ikatae kuliko mpangaji kudaiwa kodi aliyokwisha lipa.

Kwenye MySQL 8.0 au PostgreSQL, panga mistari kwanza kwa ROW_NUMBER, inayoyapa malipo ya kila mpangaji namba kuanzia mapya, kisha uunganishe:

SELECT w.jina, m.tarehe, m.kiasi
FROM wapangaji w
LEFT JOIN (
  SELECT mpangaji_id, tarehe, kiasi,
    ROW_NUMBER() OVER (
      PARTITION BY mpangaji_id
      ORDER BY tarehe DESC, id DESC) AS nafasi
  FROM malipo
) m ON m.mpangaji_id = w.id AND m.nafasi = 1;

Ile id DESC usiiache. Mtu akilipa mara mbili siku moja na tarehe haina saa, bila id huna hakika ni malipo yapi yatachaguliwa. Sharti la nafasi = 1 nalo likae kwenye ON. Ukilipeleka kwenye WHERE, mpangaji ambaye hajawahi kulipa anatoweka, na huyo ndiye mwenye nyumba anayemtafuta.

Je, una miamala ya M-Pesa iliyorudishwa? Iondoe kwa WHERE ndani ya mabano, kabla ya kupanga. Ukiichuja nje, muamala uliorudishwa unaweza kushika nafasi ya kwanza, halafu mpangaji aonekane hajalipa kabisa.

Kwa MySQL 5.7, ambayo haina ROW_NUMBER, unganisha hivi:

LEFT JOIN malipo m ON m.id = (
  SELECT x.id FROM malipo x
  WHERE x.mpangaji_id = w.id
  ORDER BY x.tarehe DESC, x.id DESC LIMIT 1)

Jenga faharasa (index) moja kwenye jedwali la malipo, ya (mpangaji_id, tarehe, id), kwa mfuatano huohuo. Wapangaji wakiwa wachache na malipo ya miaka mingi, njia hii ya pili mara nyingi huwa nyepesi hata kwenye 8.0, maana kila mpangaji anatafutiwa mstari wake mmoja badala ya jedwali zima kupangwa.