Nimeshinda dola 340, sasa waniuliza niko wapi

Shikamoo Mjomba. Mie kijana wa Majengo, nafanya kazi ng'ambo ya Likoni, nabeti kwa simu nikiwa kwenye feri. Rafiki alinionyesha kasino moja ya nje, kule chini kabisa wameandika Kenya hairuhusiwi, akanambia weka VPN ya Kanada, ile programu ya kuonyesha kama uko nchi nyingine, utaingia tu, na kweli nkaingia, nkaweka dola 50 kidogo kidogo na hakuna aliyeniuliza kitu. Juzi nkafika dola 340. Kubonyeza nitoe, wataka kitambulisho na bili ya stima! Nkatuma, wakafunga akaunti, ati nimevunja masharti. Walijuaje na VPN nilikuwa nimeiwasha siku zote? Na mbona kuweka pesa hawakujali?

MJOMBA: Marahaba mpwa wangu. Siku zote? Umesema mwenyewe wacheza kwenye feri. Pale netiwaki ikiyumba VPN huanguka kimyakimya, programu inajiunga yenyewe na laini yako, sekunde kumi tu zatosha IP ya Kenya, ile namba inayoonyesha umeingia mtandaoni kutoka wapi, kuandikwa kwenye rekodi zao, na wewe huko unaangalia meli inayoingia Kilindini hata hujui. Na hata isianguke, IP nyingi za VPN ni za vituo vya seva, si za nyumba za watu, na kuna kampuni zinazouza orodha zake. Saa ya simu yako yasoma Nairobi, IP yasema Toronto, na kama uliweka kwa kadi basi tarakimu zake za mwanzo zataja benki ya nchi gani. Halafu juu ya yote ukawapelekea kitambulisho cha Kenya, sasa hapo walikuwa wabaki kutafuta nini?

Kwa nini hawakujali mwanzo, mie nakwambia wazi, pesa ya anayeliwa haina uraia. Ungepoteza zile 50 hakuna ambaye angekuuliza bili. Si kwamba haiwezekani kukagua mlangoni. Uingereza tangu 2019 kampuni lazima imhakiki mchezaji kabla hajacheza. New Jersey kule Marekani, kasino za mtandaoni zilianza 2013 na mchezaji lazima awe ndani ya jimbo, simu inakaguliwa kwa GPS na Wi-Fi zilizo karibu, yani ni kama upande wa Likoni wacheza, ukishashuka kisiwani hesabu umekatwa, japo ng'ambo waiona kwa macho. Huyo wako alikuwa na kufuli, kaiweka mlango wa kutokea.

Zile 340 zisahau. Dai 50 zako, waandikie barua pepe kwa adabu, masharti ya baadhi yao hufuta ushindi lakini hurudisha pesa ulizoweka, yasome. Wakinyamaza, angalia chini ya tovuti leseni ni ya wapi, Malta ama Curaçao ama kwengineko, ulalamike huko. Usiwaongopee kuhusu VPN, rekodi wanazo. Na akitokea mtu WhatsApp akwambie tuma ada kidogo akaunti ifunguliwe, huyo ni mwizi wa pili, m-block. Ukitaka kubeti beti kwa wenye leseni ya hapa Kenya, angalau kukiharibika una ofisi ya kwenda kupiga kelele.

Mjomba, mwanangu yuko Saudia kazini, anataka nimfungulie akaunti ya kubeti kwa kitambulisho changu na laini yangu, yeye acheze kutoka kule. Kuna ubaya? Mama wa Kisauni.

MJOMBA: Upo, mama. Kamari Saudia ni haramu kwa sheria, si kwa dini pekee, akishikwa ni yeye na kazi yake. Na huku akaunti ni yako, kampuni ikiona jina la Kisauni lacheza kutoka Riyadh itakufunga wewe, na pesa zilizomo zitakwama kwa jina lako. Mwambie simu ya mama ni ya kumsalimia.