Nirekodi vipi mazoezi ya gitaa chumbani bila gharama kubwa?

Swali: Ninaishi Isevya, Tabora, katika chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na paa la mabati. Ninajifunza kupiga gitaa kavu huku nikiimba. Nikijirekodi kwa simu, sauti husikika kama inatoka ndani ya pipa, na nikiimba kwa nguvu inapasuka. Je, nianze kununua maikrofoni au kompyuta?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa sasa usinunue chochote. Sauti ya pipa inatokana na chumba: kila unachopiga hugonga saruji, kuta tupu na mabati, kisha huirudia simu kikiwa kimechelewa kidogo, na hata maikrofoni ya bei kubwa itaunasa mwangwi huohuo.

Tiba ya kwanza ni kuisogeza simu karibu. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti itokayo moja kwa moja kwenye gitaa huongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi hubaki karibu vilevile. Iweke juu ya kiti, ukiwa umeilaza kwenye nguo iliyokunjwa ili isipokee mtetemo, kama sentimita 40 kutoka ulipo. Tafuta kitundu cha maikrofoni, ambacho kwa simu nyingi kiko kando ya mahali pa kuchomekea chaja na ni kidogo kama ncha ya sindano, ukielekeze pale shingo ya gitaa inapoungana na mwili wake, kwa kuwa mbele ya tundu kubwa la gitaa besi hujaa mno. Livue pia kasha la simu. Nimekutana na makasha mengi yaliyoziba kitundu hicho nusu, na mwenye simu akaamini kuwa simu imeharibika.

Kuhusu kupasuka, rekodi kwanza ule ubeti unaouimba kwa nguvu kuliko yote, na ukipasuka isogeze simu nyuma shibiri moja, kisha ujaribu tena. Mwangwi uliosalia utaupunguza kwa kusimamisha godoro ukutani nyuma yako na kutundika blanketi zito pembeni. Khanga peke yake ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mkazi wa Tabora ni kutoka nje na kukaa chini ya mwembe asubuhi na mapema, kwa sababu pale hakuna ukuta wa kuirudisha sauti. Upepo ukivuma, ivike simu soksi nyembamba. Mvua inayopiga mabati, kwa upande mwingine, haina dawa. Siku hiyo fanya mazoezi bila kurekodi.

Katika programu ya kurekodia, zima marekebisho ya sauti ya kiotomatiki iwapo inaruhusu, maana hayo hupandisha sehemu za taratibu na kushusha za nguvu, hata usiweze kujua kama umepiga kwa hisia iliyokusudiwa. Faili la WAV la stereo, yaani sauti ambayo haijapunguzwa ukubwa, hula takriban MB 10 kwa dakika, na MP3 ya kbps 128, yaani sauti iliyopunguzwa ukubwa, hula takriban MB 1, kiasi kinachotosha kwa mazoezi.

Ukipata fedha baadaye, nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, na kama ni ya pini ya duara, hesabu mistari myeusi kwenye pini hiyo: ikiwa mitatu, imetengenezwa kwa ajili ya simu. Kompyuta iwe ya mwisho, na ukiipata, programu ya kurekodia na kuhariri sauti iitwayo Audacity ni ya bure.