Mke wa mwanajeshi afanye kazi gani isiyovunjika kila uhamisho? Nakujibu kwa niliyoyapitia

Mdogo wangu, swali lako nililiuliza mimi mwaka 2011 nikakosa wa kunijibu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu. Umesema umeolewa na askari wa JWTZ, mnakaa kota, una milioni moja na nusu mkononi, na unataka kufungua duka la vipodozi karibu na geti la kambi. Unachoogopa ni barua ya uhamisho.

Una haki ya kuogopa. Duka hilo usilifungue.

Sisemi vipodozi haviuziki. Shida ya duka ni kwamba faida yake imekaa mahali: kodi ya fremu uliyolipa miezi sita mbele, wateja waliozoea kupita hapo, leseni ya biashara uliyokata kwenye halmashauri ile. Ukihamia wilaya nyingine namba yako ya mlipakodi (TIN) utabaki nayo, ila TRA, watu wa kodi, wanatakiwa kujua umehama, na leseni unaanza upya. Mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nao uutazame kwa macho mawili. Ile asilimia 4 ya wanawake inatolewa kwa kikundi kilichopo ndani ya halmashauri husika. Wewe ukipanda basi, wenzako wanabaki na deni lenye jina lako.

Kosa langu mimi lilikuwa mashine ya kufuma masweta. Tulikuwa Monduli, na Monduli ya mwezi wa sita na wa saba unaijua mwenyewe, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama mmoja wa kota ya jirani alikuwa ananifundisha kushona, lakini nilipoona masweta ya shule yanavyotoka nikanunua mashine ya mtumba kwa laki sita. Misimu miwili nilipata hela nzuri. Mwaka 2014 barua ikaja: Mtwara, na tulikuwa na wiki tatu za kufunga mizigo. Mtwara nani anavaa sweta? Ile mashine ililala chini ya kitanda miezi minane, nikaja kumuuzia mtu wa Makambako kwa laki mbili. Nililia, na si kwa ajili ya hela tu. Mashine haikuwa mbovu, inafanya kazi mpaka leo. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya mji mmoja.

Kilichoniokoa Mtwara ni cherehani ya miguu ambayo nilikuwa naidharau. Nilipozunguka kuangalia watoto wanaenda shule wamevaa nini, nikaona shati jeupe na sketi ya bluu, vilevile kama nilikotoka. Shule nyingi za msingi za serikali ziko hivyo. Kipande nilichokuwa nakikata kule nikakikata huku bila kujifunza upya. Shule zikifunguliwa Januari, hata mji ambao hanijui mtu nakuwa na kazi. Kwa hiyo ukichagua kazi, jiulize kwanza: nikishushwa kesho Songea, Tabora au Bukoba, kuna mtu wa huko anayeihitaji wiki hiyohiyo nikiwa bado sijajulikana? Kusuka kunapita hapo. Keki zinapita, ilimradi jiko liwe dogo. Ushonaji unapita vizuri sana.

Sasa nikueleze kitu ninachokithamini kuliko cherehani yenyewe, nacho ni daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, makalio, urefu wa mkono, urefu wa gauni, tarehe niliyompima, namba ya simu, na pembeni naandika tabia ya mwili wake. "Bega la kushoto limeshuka." "Hapendi kubanwa kwapani." Tulipoondoka Mtwara kwenda Tabora mwaka 2016 nilikuwa na kurasa mia moja na kitu. Nikapita nyumba kwa nyumba na futi yangu, nikawapima wote upya, nikawaambia naondoka lakini kazi yenu naweza kuifanya nikiwa huko. Wengi waliona ni maneno ya kuagana. Miezi miwili baadaye mwalimu mmoja akanitumia kitenge kwa basi, mzigo ukalala Dar, ukanifikia siku ya tatu. Nikashona, nikapiga pasi, nikakunja ndani ya gazeti, nikarudisha kwa basi lilelile. Hela ikaingia kwa simu kabla gauni halijafika. Kisha kwaya yake nzima ikaagiza sare, magauni 22. Mpaka leo karibu theluthi ya kazi zangu zinatoka miji ambayo sikai tena.

Tahadhari moja hapo: miili inabadilika. Niliwahi kumshonea mtu gauni kwa vipimo vya miaka miwili nyuma, likambana kifuani, nikalazimika kulishona jipya kwa gharama yangu. Siku hizi kabla sijakata kitambaa mteja ananipigia simu ya video, anashika kamba, namwelekeza pa kuizungusha, halafu anailaza kamba kwenye rula ya mtoto wa shule nasoma mwenyewe.

Kuhusu kufanyia kazi ndani ya kambi, omba ruhusa kabla hujaweka hata kibao. Watu wa uraiani hawaingii getini wanavyotaka, kwa hiyo panga siku za kuwapokelea nje, kanisani, sokoni au kwa rafiki. Na ukishika ushonaji, vitambaa vya mabaka usiviguse kabisa, hata akija mtu anataka kikaptula cha mtoto. Agosti 2023 Jeshi lilitoa siku 7 raia wasalimishe sare na nguo zinazofanana nazo. Wewe ni mke wa askari, jambo hilo likikukuta litamfuata na yeye kazini.

Karatasi nayo itafute. Mimi nilijifunzia kwenye kota, sikusoma chuo, na nilikuwa naogopa kuomba kazi za shule kwa sababu sikuwa na cha kuonyesha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Wanakupima unachojua, wanakuambia pengo lako liko wapi, ukifaulu unapata cheti kinachotambulika nchi nzima. Kama una elimu ya uuguzi au ualimu, hiyo ndiyo njia yako, usiiache kwa ajili ya biashara. Mtumishi wa umma anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na siku hizi maombi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi. Hufika taratibu, lakini hufika. Cheti cha ndoa kiwe cha serikali na kiwe karibu.

Nimalizie na jambo ambalo hukuliuliza. Mwaka 2017 mume wangu alikuwa Kongo kwenye kikosi cha kulinda amani. Desemba 7 kambi ya askari wetu kule Semuliki ikavamiwa usiku, zaidi ya 10 wakauawa. Sisi kwenye kota tulijua kuna jambo kabla ya kujua ni nani. Simu za wanawake wote zilikuwa mkononi, hakuna aliyetaka ya kwake iite. Wangu alipiga siku ya pili jioni, akasema maneno manne tu, "Mama Neema, niko salama." Kuna wenzetu ambao simu yao haikuja. Nyumba tunazokaa ni za wenye namba za jeshi, mdogo wangu, si zetu. Usiku ule nilikaa mbele ya cherehani nikapiga hesabu ya kwanza ya kweli maishani mwangu: nikibaki peke yangu na watoto wawili, mikono hii inaweza kulipa kodi ya vyumba vingapi? Jibu lilikuwa kimoja. Tangu hapo niliacha kuiita kazi yangu hela ya mboga, nikafungua akaunti yake, nikaanza kuiandikia mapato na matumizi.

Kwa hiyo milioni moja na nusu yako mimi ningeigawa hivi. Cherehani ya miguu ya mtumba, kichwa kizima, ukinunua nenda na fundi. Kichwa kinafunguka, ukihama unakifunga kwenye blanketi na kukaa nacho mwenyewe, meza iende na lori. Usianze na ya umeme. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichambuke, isubiri mwaka wa pili. Ada ya kozi fupi. Vitambaa vya sare jora moja moja, usijaze stoo. Kinachobaki kiweke benki mpaka barua ijayo, maana mwezi wa kwanza wa mji mpya hakuna kinachoingia.

Ukishajua mnapelekwa wapi niandikie. Kama ni Mtwara au Tabora, kuna akina mama nitakaowapigia wakupokee, na kurasa zao kwenye daftari nitakupigia picha.