Je, nikioa nitapona? Ndoa, sonona na afya ya mwili

SWALI:

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 29, nina kazi na uwezo wa kutunza mke. Mwaka jana niligundulika hospitalini kuwa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu), nikaanzishiwa dawa na sasa nina nafuu kubwa. Wazazi wanasema ugonjwa wangu ni upweke tu, nioe kisha niache vidonge. Wameshapeleka posa kwa binti mwenye dini, lakini yeye hajui lolote kuhusu maradhi yangu, na mama ananisihi nisiseme. Je, ni kweli ndoa ni tiba? Na je, nina dhambi nikinyamaza?

JIBU:

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, kuoa kwako ni jambo jema, na lina kheri kwa mwili na akili yako. Kuacha dawa kwa sababu umeoa ni kosa. Kumficha binti wa watu ugonjwa wako ni kosa kubwa zaidi.

Kwanza hukumu. Imam Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Al-Minhaj, amesema ndoa inapendekezwa kwa anayeihitaji na mwenye kumudu gharama zake. Anayeihitaji bila kuwa na gharama, bora asubiri na avunje matamanio kwa kufunga. Na asiyeihitaji, tena ana maradhi ya kudumu, kwake ni makuruhu. Wewe unaingia katika kundi la kwanza maadamu una nafuu na uwezo. Naye Imam Nawawi hakuoa mpaka alipofariki mwaka 676 Hijria, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba asiyeoa ni lazima awe mgonjwa au mpungufu wa dini.

Faida ya ndoa kwa nafsi imetajwa katika Surat Ar-Rum, aya ya 21: Mwenyezi Mungu ametuumbia wenza kutokana na nafsi zetu ili tupate utulivu kwao, na amejaalia baina yetu mapenzi na huruma. Mfano ulio wazi kabisa wa utulivu huo ni usiku wa wahyi wa kwanza. Mtume (s.a.w.) alirudi kutoka pango la Hira moyo wake ukitetemeka, akasema, "Nifunikeni, nifunikeni." Bi Khadija (r.a.) alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Baada ya hapo ndipo alipomweleza yaliyomkuta, naye akamjibu kwa mambo anayoyajua kwake: wewe unaunga udugu, unambeba asiyejiweza, unampa asiyenacho, unamkirimu mgeni, unasaidia panapotokea masaibu. Kisha akampeleka kwa Waraqa bin Naufal, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na elimu ya Vitabu. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Tazama utaratibu wake: alituliza mwili, akasikiliza, akakumbusha wema, na juu ya mapenzi yote aliyokuwa nayo hakusema yeye peke yake anatosha. Alimtafuta mjuzi wa jambo lile. Katika maradhi ya akili, mjuzi huyo ni daktari.

Watabibu na watafiti nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1858 William Farr wa Uingereza alipitia takwimu za vifo za Ufaransa, akakuta walio katika ndoa wanakufa kwa kiwango kidogo kuliko wasiooa na wajane. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba mwenye afya hupata mchumba kwa urahisi kuliko mgonjwa. Lakini si yote. Mke ndiye anayekiona mapema kidonda cha mguuni kwa mumewe mwenye kisukari. Mume ndiye anayesikia mkewe akikoroma na pumzi zikikatika usiku. Vidonge vya kifua kikuu vya miezi 6 humezwa vizuri zaidi penye mtu wa kukumbusha. Mwaka 2006 James Coan na wenzake walichunguza ubongo wa wanawake 16 walioolewa, wakiwa wanangoja kupigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhikwa mkono na waume zao, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia, na aliyekuwa na ndoa nzuri zaidi alitulia zaidi.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Kinacholeta afya ni ule utulivu, mapenzi na huruma. Cheti cha ndoa peke yake hakileti. Mwaka 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwatia wanandoa 42, mume na mke, vidonda vidogo vya malengelenge mkononi. Vya wale waliozoea kuzungumza kwa uadui vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wengine. Utafiti wa Julianne Holt-Lunstad wa mwaka 2008 nao ulikuta kwamba wasio na ndoa walikuwa na shinikizo la damu la chini kuliko waliomo katika ndoa mbaya. Haya yanaafikiana na aya isemayo "kaeni nao kwa wema" (4:19). Ukiingia kwenye ndoa kwa kuficha, halafu siri ikafumuka mwezi wa tatu, umeiondoa mwenyewe ile sababu ya kupona uliyoiendea.

Hadithi kwamba mwenye kuoa amekamilisha nusu ya dini imepokewa na Al-Bayhaqi, na wanazuoni wameijadili sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Hata hivyo inazungumzia dini. Haikusema nusu ya matibabu. Kuhusu matibabu tumeambiwa: "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu" (Abu Dawud na Tirmidhi).

Basi usikate dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za sonona ziendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na anayerudiwa mara kwa mara huendelea zaidi. Kuzikata ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hasira, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Wiki ya harusi ina wageni, madeni na usingizi haba. Ni wiki mbaya kuliko zote kufanya jaribio hilo.

Jambo jingine watu huona haya kulitaja. Fluoxetine, mojawapo ya dawa za sonona, na dawa za aina yake zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kumaliza. Kijana asiyejua hudhani amerogwa, hununua dawa za nguvu za kiume mitaani, na mke hudhani hapendwi. Mweleze daktari kwamba unataka kuoa, miezi 2 au 3 kabla ya harusi. Anaweza kurekebisha kipimo au kubadili dawa, na dawa mpya huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake, ndiyo maana usingoje wiki ya mwisho.

Sasa kunyamaza. Mtume (s.a.w.) amesema, "Mwenye kutughushi si katika sisi" (Muslim). Fatma bint Qays alipomtaka ushauri kuhusu Muawiya na Abu Jahm waliomposa, Mtume aliitaja hali ya kila mmoja bila kuficha: huyu fukara hana mali, na yule hateremshi fimbo yake begani, yaani ni mkali wa kupiga (Muslim). Katika madhehebu ya Shafi, wazimu ni aibu inayompa mwenza khiyari ya kuvunja ndoa. Sonona si wazimu, na asikuite mtu hivyo. Lakini Ibn al-Qayyim ameeleza kwamba kila aibu inayomkimbiza mwenza na kuzuia makusudio ya ndoa, yaani huruma na mapenzi, inaleta khiyari. Maradhi yanayoweza kurudi, na yanayogusa kazi, usingizi na tendo la ndoa, ni haki yake kuyajua. Kwa hivyo ni wajibu kwako useme.

Mama yako anataka kukusitiri, na nia yake ni ya upendo. Mjibu kwa upole, lakini hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Ikiwezekana nenda naye kliniki siku moja, amsikie daktari mwenyewe.

Sema kabla mahari hayajapokelewa na tarehe haijatangazwa. Keti na binti pamoja na walii wake, msikae faragha. Taja jina la ugonjwa na ulipoanza, dawa unazomeza, na dalili zako za mwanzo unaporudiwa: pengine kutolala, kujitenga, kuacha kula, kuchelewesha sala. Taja pia utakachofanya zikitokea, na hospitali unayotibiwa. Ukoo mzima hauna haja ya kujua; mwombe walii aifanye amana. Wape wiki moja au mbili za kuswali istikhara na kuuliza. Akikataa, ametumia haki yake, usimlaumu. Akikubali, umepata mtu anayejua anachokibeba.

Papo hapo pimeni wote wawili VVU, homa ya ini aina ya B na selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi). Chanjo ya homa ya ini kwa mtu mzima ni dozi 3 ndani ya miezi 6. Nyote mkiwa na vinasaba vya selimundu bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Saudi Arabia imeufanya upimaji wa selimundu kuwa sharti la kabla ya ndoa tangu 2004. Kwetu wengi hulijua mtoto akishaanza kulia kwa maumivu ya viungo.

Mkishaoana, shikeni sunna moja iliyo nyepesi: Ibn Abbas (r.a.) alipolala kwa Bi Maymuna, alimwona Mtume (s.a.w.) akizungumza na mkewe kwa muda, kisha akalala (Bukhari). Kwa mwenye sonona, mazungumzo ya utulivu na saa maalumu ya kulala ni kinga kubwa. Ugomvi ukianza usiku, nyamazeni, aliyesimama aketi, kama tulivyofundishwa tunapokasirika. Usikope kwa ajili ya ukumbi.

Wala usimfanye mkeo daktari wako. Yeye akukumbushe dawa na akusindikize kliniki. Kubeba kila hofu yako usiku na mchana kutamchosha mpaka naye augue. Fikra za kujidhuru zikikujia, mwambie na mwende hospitali siku hiyohiyo, msingoje asubuhi. Naye akijifungua, huzuni yake ikizidi wiki 2, umpeleke wewe kwa daktari, na wala usiruhusu mtu kumwambia ni udhaifu wa imani.

Wallahu aalam.